Kiwanja Nakivale, mlango Mbarara

Ndugu zetu wa Nyamityobora, hebu tuulizane. Msomali au Mkongomani aliyejijengea nyumba Nakivale ana nini mkononi? Kanuni za Wakimbizi za 2010 zinampa ardhi aitumie bure, ila haruhusiwi kuiuza wala kuikodisha. Haya, hiyo ni kambini. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1998 inamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa mkataba hadi miaka 99. Akija hapa Mbarara kuutafuta mkataba huo, baadhi yetu, Waislamu wenzake tuliotoka kuswali naye bega kwa bega, tunamuuliza kwanza kabila, kisha tunampandishia bei! Ansari waliwagawia Muhajirina mpaka nyumba. Wenye viwanja, muandikieni mkataba, na mashahidi wawepo.