Mkopo wa filamu usiwe fadhila

Makamanda, nina rafiki chuoni ameandika filamu fupi kuhusu familia iliyohamishwa kumpisha mwekezaji. Juzi kafuta kipande chote cha polisi. Hakuna aliyemkataza. Kaniambia tu, "Shosti, nataka kuomba mkopo serikalini."

Mi nasoma sheria, na tatizo naliona hapo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii uko chini ya wizara ileile yenye Bodi ya Filamu. Na kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, hupigi picha za filamu bila kibali. Yaani anayekukopesha ndiye anayeweza kukuzuia. Nani atathubutu kumkosoa?

Sipingi serikali kusaidia filamu. Angalieni jimbo la Georgia, Marekani. Tangu 2008 sheria yao inatoa nafuu ya kodi ya asilimia 20, na 10 zaidi ukiweka nembo ya jimbo. Lazima utumie angalau dola 500,000 humo jimboni. Wenyewe wanabishana kuhusu gharama yake, sawa, lakini masharti yamo kwenye sheria. Ukiyatimiza, unadai haki yako.

Na sisi tudai hivyo: mfuko utenganishwe na wanaotoa vibali, waliokopeshwa watangazwe, na anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi. Hizo hela ni kodi zetu sote, wanaosifia na wanaokosoa. Rafiki yangu arudishe kile kipande, na bado aombe mkopo kama wengine.