Watoto Wanasema Kiswahili, Tuwafundishe na Kukiandika

Wazazi wa huko Ghuba nikiwauliza juu ya Kiswahili cha watoto wao, jawabu ni moja: "Alhamdulillahi, anasema." Kweli anasema. Anamwamkia bibi yake kwenye simu, anaomba chai na mkate wa kumimina, na akikasirika anagombana kwa Kiswahili safi. Lakini mwambie aandike nusu ukurasa kwa lugha hiyo hiyo, atakutazama kama umemwambia achimbe kisima. Mimi nasema kusema peke yake hakutoshi.

Nimesomesha lugha zaidi ya miaka thelathini katika sekondari ya misheni kule kwetu pwani. Mwarabu kati ya mapadri, ndiyo, na tulikwenda vizuri. Sasa nimestaafu, na wajukuu wa ndugu zangu walioko Maskati hunipigia simu kuniuliza mambo ya skuli. Mmoja wao, binti wa darasa la kumi, alipewa kazi ya kueleza amejifunza nini mwaka huu juu ya sifa za maandishi mazuri. Akanisomea alichoandika kwa Kiingereza. Alisema zamani alidhani insha nzuri ni ile isiyo na wino mwekundu, na sasa anajua kuwa insha inaweza kukosa kosa hata moja na bado isiseme kitu. Kisha akaniuliza, "Babu, na Kiswahili nacho kina sifa hizi?"

Sifa hizo zina historia yake. Mwaka 1961 huko Marekani, Paul Diederich na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wao. Waliwapa watu 53 insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo wazisahihishe. Miongoni mwao walikuwamo walimu, wanasheria, wahariri na wafanyabiashara. Hakuna insha iliyopata chini ya alama tano tofauti! Walipochunguza sababu, wakaona wasomaji hawatazami kitu kimoja: huyu anatazama fikra, yule usahihi, mwengine mpangilio, mwengine maneno, mwengine ile ladha ya mwandishi mwenyewe. Baadaye, katika miaka ya 1980, walimu wa huko huko Marekani wakapanga sifa sita: fikra, mpangilio, sauti ya mwandishi, uteuzi wa maneno, mtiririko wa sentensi na usahihi.

Nikamwambia binti yangu, hakuna hata moja iliyo ngeni kwetu. Fikra ndiyo ile wazee wanayoitaka wanapokukatiza na kukuuliza, "Basi, unataka kusema nini?" Mpangilio walikuwa nao wazee wetu katika barua zao: salamu, khabari za afya, "baada ya salamu" ndipo lije jambo lenyewe, kisha kuagana. Sauti ni pale unaposoma barua bila kutazama jina na ukajua hii ya shangazi. Maneno, basi tazama mpunga na wali: kimoja kiko shambani, kingine kiko sahanini, ukivichanganya umeshampoteza msomaji. Mtiririko utaujua ukisoma kwa sauti na ulimi usijikwae. Usahihi ni kuandika "kitabu changu", siyo "kitabu yangu" kama wanavyosema watoto wengi waliokulia huko.

Sasa faida yake. Mwaka jana shangazi yetu aliyeko nyumbani alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba juu ya nyumba ya urithi. Ndani yake mlikuwa na mvua, maradhi ya jirani, bei ya nazi, na pahala fulani katikati khabari ya paa. Jamaa wa Maskati wakafahamu kuwa nyumba inauzwa. Wa Dubai wakafahamu kuwa wanadaiwa. Wa London hawakusikiliza mpaka mwisho. Wiki mbili ndugu hawasemezani.

Binti huyo huyo akausikiliza ule ujumbe mara mbili, akachukua kalamu, akaandika mistari kumi kwa Kiswahili: paa linavuja, fundi ametaja gharama hii, shangazi hataki kuuza, anaomba kila familia ichangie kabla ya masika. Akampigia shangazi kuhakikisha, ndipo akautuma kwa wote. Ugomvi ukesha siku ile ile na mchango ukaanza kuingia. Kiswahili chake kilikuwa na makosa mawili matatu, lakini hakuna aliyeuliza tena, "Kwani anasema nini?"

Wapo watakaoniambia kuwa mitihani ni ya Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili hakitampa mtoto kazi. Sibishani nao. Kiarabu ni lugha ya dini yake na ya nchi anayoishi, akisome sana. Lakini ustadi wa kupanga fikra haukai katika lugha moja. Binti yetu aliupata kwenye darasa la Kiingereza akautumia kwa Kiswahili, na unaweza kwenda hivyo hivyo upande wa pili. Tena mambo ya ukoo, kama nyumba, mashamba, wasia na nasaba, kwa wengi wetu bado yanasemwa kwa Kiswahili. Asiyeweza kuyaandika atawategemea wengine wamwandikie.

Wengine wanasema sisi ni watu wa mdomo, kalamu si yetu. Hilo silikubali kabisa. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi. Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alikatazwa kuandika kama wasichana wenziwe, akajifunza kwa siri kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1886 kitabu cha maisha yake kikatoka Ujerumani. Na Mombasa, katika miaka ya 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akitoa gazeti lake la Al-Islah. Watoto wetu wana simu mkononi na daftari mezani, na hakuna anayewakataza.

Kwa hivyo nawaomba wazazi mambo matatu. La kwanza, mtoto aandike kwa mtu wa kweli atakayemjibu: bibi, ami, binamu aliyeko Unguja au Mombasa. Asiandikie daftari tu. La pili, akikuletea alichoandika, jibu kwanza jambo alilosema, ndipo urekebishe "kitabu yangu". Ukianza na makosa, kesho hatokuletea. La tatu, nyinyi wakubwa nanyi mjibu kwa kuandika, hata mistari mitano, maana mtoto hawezi kujifunza barua ikiwa hajapata kupokea hata moja.

Anzeni Ijumaa hii baada ya chakula cha mchana. Mwambie amuulize bibi yake kwa maandishi nyumba ya zamani ilikuwa na vyumba vingapi na nani alilala wapi. Bibi akijibu, lihifadhini jawabu lake.