TUNUNUE UPEPO, TUSINUNUE TANGI

Ndugu wanachama,

Si jambo geni siku hizi wafanyakazi wachache kuweka akiba yao pamoja ili wafungue karakana ndogo kando ya barabara, ya kujaza magurudumu upepo, kufungua nati na kupiga magari rangi. Kitu cha kwanza wanachokitaka ni kompresa, yaani mashine ya kushindilia hewa. Na kitu cha kwanza wanachokitazama dukani ni ukubwa wa tangi, kisha bei. Mimi nasema hapo ndipo fedha za watu zinapopotea. Wala si vikundi peke yake. Waajiri pia hupotea njia hiyo hiyo, kwa kuwa mwenye kuagiza mashine hukaa ofisini, na mwenye kuitumia hukaa karakanani, na hawa wawili hawaulizani. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sisi watu wa reli twajua kazi ya hewa iliyoshindiliwa. George Westinghouse wa Marekani alipata hati ya breki yake ya hewa mwaka wa 1869, na hata leo treni nyingi sana duniani husimamishwa kwa hewa. Dereva haondoi treni kwa kusifu ukubwa wa tangi. Hutazama geji, na hewa isipofika kiasi chake haendi popote. Basi akili hiyo tuichukue hata dukani.

Natoa hesabu, nayo si ngumu. Chukua tangi la lita 50 lenye presha ya baa 8, yaani ratili 116 hivi kwa kila inchi ya mraba. Ukitumia hewa mpaka presha ishuke kuwa baa 6, umepata lita 100 tu za hewa ya kawaida, maana 50 mara 2 ni 100. Sasa bunduki ya kupiga rangi gari yaweza kutaka lita 200 au zaidi kila dakika. Basi tangi lile limekupa nusu dakika ya kazi. Baada ya hapo unaitegemea pampu. Ikiwa pampu hutoa lita 100 kwa dakika, fundi atapiga rangi kidogo, atasimama kungoja, atapiga tena, na mlango wa gari utakuwa na mabaka. Mwenye gari hatalipa. Tangi ni ghala tu, si shamba. Ghala kubwa halileti mavuno.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: vyombo vyetu vinakula lita ngapi za hewa kwa dakika, na kwa presha gani? Kila chombo kizuri huja na karatasi yake inayosema hivyo. Andika vile vitakavyofanya kazi kwa wakati mmoja, ujumlishe, kisha uongeze kama robo. Robo hiyo ni ya mipira inayovuja na ya kazi itakayokuja. Tundu la milimita 1 tu, kwa presha ya baa 7, hupoteza lita 60 hivi kila dakika, mchana kutwa, nawe unalipia umeme wake.

Swali la pili ni la kumwuliza mwuzaji. Namba iliyoandikwa juu ya mashine, je, ni hewa inayomezwa na pistoni, ama ni hewa inayotoka kwenye mpira? Hizi si kitu kimoja. Katika mashine ndogo za pistoni, hewa inayotoka mara nyingi ni theluthi mbili hivi ya ile inayomezwa. Asipoweza kujibu, omba awashe mashine tangi likiwa tupu, nawe ushike saa. Tangi la lita 50 likijaa mpaka baa 8 limepokea lita 400. Likichukua dakika 4, basi mashine hutoa lita 100 kwa dakika, hata kama rangi yake inang'aa namna gani.

Swali la tatu ni umeme. Soketi ya kawaida hapa kwetu ni ya ampea 13. Mota ya nguvu za farasi 2 yaweza kufanya kazi hapo, lakini ya nguvu za farasi 3 yaweza kuizidi soketi hiyo, na wakati wa kuanza kuzunguka huvuta umeme mara nyingi zaidi ya kawaida. Inataka waya wake na swichi yake. Mashine kubwa zaidi huhitaji umeme wa fezi tatu. Afadhali kujua hayo kabla ya kulipa kuliko kujua wakati mashine imeshushwa mlangoni na waya unanuka moshi.

Swali la nne ni mapumziko. Mashine ndogo ya pistoni haikutengenezwa izunguke bila kukoma. Nyingi hutaka kupumzika karibu nusu ya wakati. Kama kazi ni ya kutwa nzima, nunua ya nguvu zaidi, ama ya aina ya skrubu, ambayo hustahimili kazi ya namna hiyo.

Wengine watasema, "Hatuna fedha za mashine kubwa." Najibu kwamba sikusema mnunue kubwa. Kikundi ambacho kazi yake ni kujaza magurudumu tu hakina haja nayo, na hesabu yangu itawaokoa wasipoteze fedha kwa jambo la fahari. Hesabu humzuia mtu kununua ndogo mno, na humzuia vilevile kununua kubwa mno.

Lakini liko jambo kubwa kuliko fedha, nalo ni uhai. Hewa ina unyevu, na ikishindiliwa halafu ikapoa, maji hubaki chini ya tangi. Asiyefungua koki kila siku kuyatoa hulilisha tangi kutu kwa ndani, mahali asipoona. Siku moja tangi hupasuka kama bomu. Kwa hiyo mashine kuukuu iliyopakwa rangi mpya itazamwe sana. Fungua koki ya chini, na yakitoka maji mekundu ya kutu, ondoka. Tangi lililochomelewa kiraka usilikubali hata ukipewa bure. Wala usikubali valvu ya usalama iliyofungwa kwa waya ama kuzibwa kwa sababu eti inasumbua.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yataka tangi la hewa liandikwe presha yake ya salama, liwe na valvu ya usalama, geji iliyo sahihi na njia ya kutolea maji, tena likaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Sheria hiyo hiyo yataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa wafanyakazi. Basi mlango uko wazi.

Shauri langu ni hili. Katika vikundi vyetu, mweka hazina asitoe fedha mpaka watakaoitumia mashine wameandika orodha ya vyombo na lita zake, na mmoja wao aende dukani na saa mkononi. Kazini, wajumbe wetu katika kamati waombe kuonyeshwa hati ya kuagiza kompresa yoyote kabla haijatiwa sahihi, wala si baada ya mashine kufika. Na bei isihesabiwe bila kuweka kando fedha za mafuta, chujio la maji, vizibo vya masikio na ukaguzi.

Mwajiri akisema ununuzi si kazi yetu, tumjibu kwa adabu kwamba tangi likipasuka, halitakwenda kumtafuta aliyetia sahihi. Litamkuta aliye karibu nalo.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanyakazi wa Karakana ya Reli