Jengo la Umma Si Gofu la Kuuzwa

Limezuka miongoni mwetu wazo kwamba jengo la zamani la umma likishaachwa tupu katikati ya mji, dawa yake ni moja tu: libomolewe, na ardhi yake apewe mwenye fedha apandishe ghorofa ishirini. Wazo hili huitwa maendeleo. Sisi tunasema ni kasumba, na hatuna budi kueleza kwa nini.

Tutazame mfano ulio mbele ya macho yetu. Katika Dar es Salaam, kandokando ya bandari, lipo Boma la Kale. Lilijengwa mwaka 1866 hadi 1867, zama za Sultani Majid bin Said, liwe nyumba ya wageni wake. Wajerumani wakalifanya ofisi. Waingereza nao wakalirithi. Baada ya Uhuru likawa mali ya wananchi. Miaka ikapita, likachakaa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye hayana kinga hiyo mpaka yatangazwe. Boma lilichelewa miaka mitatu! Ndiyo kusema uhai wa jengo kama hili hautokani na umri wake tu, bali na nia yetu.

Wapo wanaodai kwamba hizi ni alama za watawala wa kigeni, basi zifutwe. Ni kweli kwamba amri za kigeni zilitolewa humo. Lakini ni nani aliyechoma chokaa? Ni nani aliyekata boriti mikokoni na kupanga mawe ya matumbawe? Ni mafundi wa pwani hii. Kubomoa kazi ya mikono yao ili kumkomoa Sultani au Gavana aliyekwisha kufa ni kuwadharau mara ya pili.

Wengine husema ardhi ya katikati ya mji ni ghali mno kuachiwa ukuta mkongwe. Nasi twajibu: kwa kuwa ni ghali, ndiyo maana isiuzwe. Umma ukishaitoa, hautapata tena fedha za kuinunua. Mtoto wa mkulima hatakuwa na mahali pa kuketi mjini ila dukani, na dukani hukaribishwa mwenye kununua. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kufunga mlango ndiko kuhifadhi. Kule Unguja, Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilichakaa kwa miaka mingi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka matengenezo yakiwa yanaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lisilotunzwa kwa wakati huua.

Boma la Kale lilipata bahati njema zaidi. Lilikarabatiwa, na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam. Leo mwanafunzi huingia humo akajifunza jinsi mji wake ulivyokua. Halikuuzwa, wala halikugeuzwa kaburi. Lilipewa kazi.

Hiyo ndiyo njia tunayoitetea. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, swali la majengo yanayoachwa nyuma lilizidi uzito. Yafaa kila moja liulizwe kwanza: laweza kuwa maktaba? Laweza kuwa darasa, au ukumbi wa ngoma na mashairi? Na ua wake ubaki nalo, kwa maana jengo lisilo na ua limekwisha kuuzwa nusu.

Walimu, wapelekeni vijana wakayaone majengo haya. Nanyi wanafunzi, yahesabuni yaliyomo katika miji yenu, mwulize ni ya nani na yanafanya kazi gani. Mali isiyoulizwa na mwenyewe huchukuliwa na mpita njia.