KONTAKTA YA BEI RAHISI NA MKONO WA MFANYAKAZI



Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini haikufika Migori wala Homa Bay. Mota za stima zimefika. Zinasaga mahindi, zinavuta maji ya ziwa, na huko Macalder katika Nyatike zinasaga mawe ya dhahabu. Wanaofunga paneli za mota hizo ni mafundi wenzetu, na wanaoziendesha wengi wao ni vibarua. Kwa hiyo jambo hili ni la wafanyakazi wote.

Ndani ya paneli mna kontakta, yaani swichi inayovutwa na koili ya sumaku. Ukibonyeza kibonye cha kijani, hufunga na mota huzunguka. Ukibonyeza chekundu, huachia na mota husimama. Lakini kontakta ikiwa ndogo kuliko kazi yake, ncha zake hupata moto, huyeyuka na kushikana. Hapo kibonye chekundu hakina kazi tena. Mkono wa mtu umo kinuni, mwenzake anabonyeza, na kinu kinazidi kusaga.

Hatari hiyo huanzia dukani. Kontakta za siku hizi ni ndogo, hata zaenea kiganjani, nazo ni nzuri zikichaguliwa vyema. Lakini soma maandishi yake. AC-1 ni kipimo cha hita na mizigo ya namna hiyo. AC-3 ndicho kipimo cha mota. Kontakta moja yaweza kuwa ya ampea 20 kwa AC-1, na ampea 9 tu kwa AC-3. Muuzaji hutaja 20, na tajiri hufurahia bei. Mota ya kilowati 5.5 kwa volti 415 hula ampea 11 hivi ikibeba mzigo wake wote, na wakati wa kuanza yaweza kula mara sita ya hizo. Ile ya 9 haifai. Itakiwe ya 12 au zaidi, kwa AC-3.

Pili ni koili. Koili ya volti 240 isifungwe kati ya laini mbili za moto, kwani hapo pana volti 415, nayo itaungua. Tena koili hutakiwa kuvuta sawasawa stima ikiwa si chini ya asilimia 85 ya volti zake, yaani volti 204. Stima ikidhoofika kupita hapo, kontakta hutetemeka na kulia, na ncha huharibika. Ukisikia inalia, zima mota. Usiisukume kwa kijiti.

Tatu ni kufunga. Ikae wima juu ya kireli chake cha milimita 35, skrubu zikazwe, na kabati lizuie vumbi la unga na la mawe. Rilei ya ovalodi iwekwe ampea zilizoandikwa juu ya bamba la mota, wala si zaidi. Vibonye viungwe hivi kwamba stima ikikatika na kurudi, mota isianze yenyewe mpaka mtu aibonyeze.

Hata paneli ikiwa njema, mkono usiingie kinuni kwa kutegemea kibonye peke yake. Swichi kuu izimwe, itiwe kufuli, na ufunguo awe nao yule anayefanya kazi. Sisi wa Reli twajua kwamba bendera nyekundu iliyosimikwa njiani haiondolewi na mpita njia.

Wako watakaosema, "Nikikataa nitafukuzwa." Ijulikane wazi kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake aonapo hatari kubwa, na yamkataza mwenye kazi kumrudisha mahali pale kabla hatari haijaondolewa. Basi arifuni, tena kwa maandishi, na mwe wawili au watatu.

Kwa matajiri twasema hivi: kontakta iliyoungua yanunulika tena dukani Migori au Homa Bay. Mkono hauuzwi duka lolote.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI