Rahisi ni Ghali

Msomaji, husemwa mara nyingi kwamba fundi maskini hana budi kununua zana duni. Neno hili lina sura ya busara, lakini ndani yake mna hasara. Tajiri aweza kutupa chombo kibovu akanunua kingine, maskini hawezi. Basi kati ya wawili hawa, maskini ndiye asiyemudu chombo kibaya.

Nenda Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, uitazame sanaa ya vioo iliyoanzishwa na msanii Nani Croze, na upulizaji wa vioo ulioendelezwa na mwanawe Anselm. Mafundi huyeyusha vioo vya madirisha vilivyotupwa, wakafanya bilauri na mapambo. Malighafi yao ni taka, lakini tanuri lao si taka. Kioo hutaka joto lipitalo nyuzi 1,000 za Selsiasi ndipo kipulizike, kisha hutaka kupozwa polepole, la sivyo hupasuka. Tanuri likiwa bovu, kioo kilichookotwa bure huwa ghali kuliko cha kununuliwa. Bana matumizi katika malighafi ukiweza. Usibane katika chombo kinachoibadili.

Sasa mtazame mama wa Kimaasai atungaye ushanga. Zana zake ni chache: sindano, mkasi, na koleo la kukatia waya. Tuseme koleo duni ni shilingi 200, nalo hudumu miezi miwili. Koleo imara ni shilingi 900, nalo hudumu miaka mitatu. Katika miaka hiyo atanunua makoleo duni 18 kwa shilingi 3,600, yaani mara nne ya bei aliyoiogopa. Tena sijahesabu nauli ya kwenda dukani, wala waya uliotafunwa badala ya kukatwa, wala kidani kilichomkwaruza mnunuzi shingo asirudi tena.

Utaniuliza: hizo shilingi 900 zitoke wapi siku ambayo watoto hawajala? Swali hili ni la haki, kwani njaa haingoji miaka mitatu. Lakini mzigo unaomlemea mmoja huwa mwepesi kwa kumi. Wanawake kumi wa chama wakitoa shilingi 90 kila mmoja kwa juma, koleo moja hupatikana juma lile lile. Na baada ya majuma kumi kila mmoja ana lake.

Wala sidai kwamba kila cha bei kubwa ni bora, maana wapo wauzao jina na rangi tu. Jiulize mambo matatu: Je, nitakitumia kila siku? Kikivunjika, kazi itasimama? Chaweza kunolewa au kutengenezwa? Kama jibu ni ndiyo mara tatu, nunua kilicho imara. Kama ni cha kutumiwa mara moja kwa mwaka, kiazime bila haya.

Kijana utakayeshika ufundi kesho, usiulize bei ya chombo peke yake. Uliza pia kila siku ya kazi yake itakugharimu nini, ndipo ufungue mkoba.