Serge Kakudji: kuimba ni kazi, na korali za wahami zina watu wa kuifanya

Mtoto akiimba vizuri kanisani, watu wanampigia makofi. Siku akisema anataka kuimba iwe kazi yake, watu wale wale wanacheka. Wanamwambia atafute kwanza masomo ya maana. Na kama ni mtoto wa wahami wa vita, anayelala chini ya shitingi na kuamka mapema kupanga bidoni kwenye foleni ya maji, jibu linakuwa kali zaidi: wimbo haushibishi tumbo.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Kazi ya Serge Kakudji, mwimbaji wa opera kutoka Katanga, inastahili kuangaliwa na kila mzazi, mwalimu na kiongozi wa korali anayedhani muziki huo ni mali ya wazungu peke yao.

Kakudji alianza kuimba Lubumbashi, mji ambako Kiswahili kinasemwa sokoni na nyumbani kama Goma, Bukavu au Bunia. Sauti yake si tenori ya kawaida. Yeye ni kontratenori, yaani mwanaume anayeimba juu zaidi ya tenori, kwenye sehemu ambayo katika korali nyingi inaachiwa wanawake wa alto au hata wa soprano. Hapigi kelele ili kufika huko. Anatumia ile sauti ya juu ambayo wanaume wengi wanayo lakini hawaizoezi, na anaitia nguvu kwa pumzi na kwa mazoezi ya miaka mingi. Watunzi wa zamani wa Ulaya kama Handel na Vivaldi waliandika nyimbo nyingi za mashujaa na wafalme kwa sauti za juu namna hiyo.

Hapa pana jambo la kwanza la kusema wazi. Katika korali nyingi, kijana mwenye sauti ya juu anachekwa. Anaambiwa anaimba kama mwanamke, anasukumwa kwenye basi ambako sauti yake haifiki, na mwisho wake anaacha kuimba kabisa. Korali inapoteza mtu wake bora kwa sababu ya mzaha. Kama Kakudji angalisikiliza mzaha wa namna hiyo, Congo isingalikuwa na jina lake.

Jambo la pili ni kwamba hakukaa sehemu moja. Mwaka 2006, akiwa bado hajafika miaka 20, aliimba katika Dinozord, mchezo wa Faustin Linyekula, mwana-dansi ambaye Studios Kabako zake ziko Kisangani. Mchezo ule ulizungumza juu ya marafiki waliokufa na waliofungwa. Ndani yake mlikuwa maandiko ya Antoine Vumilia Muhindo, ambaye wakati huo alikuwa gerezani Makala, Kinshasa. Mwaka 2008 akaimba katika pitié! ya Alain Platel na mtunzi Fabrizio Cassol, kazi iliyojengwa juu ya muziki wa Bach wa mateso ya Yesu. Mwaka 2014 ikaja Coup Fatal: nyimbo za Ulaya za miaka zaidi ya 250 iliyopita, zikipigwa na wanamuziki wa Kinshasa kwa likembe, balafoni, gitaa la umeme na ngoma, Rodriguez Vangama akiwa kiongozi wa bendi. Kazi hiyo ilionyeshwa Vienna, na mwaka ule ule ikafika kwenye tamasha la Avignon, Ufaransa.

Dansi, muziki wa kanisa, opera ya zamani, likembe: mtu mmoja amepita kote huko kwa koo lile lile. Wengine wanaona hiyo ni kutangatanga. Kumbe katika nchi isiyo na jumba la opera linalolipa mishahara, ndiyo njia ya kuishi. Mwimbaji anayejua kitu kimoja tu anamngoja mtu wa kumwita. Anayejua vitu vinne anaweza kwenda kubisha mlango mwenyewe.

Jambo la tatu linawagusa wahami zaidi ya watu wengine wote. Kwa Kifaransa, pitié maana yake ni huruma. Familia zilizokimbia vita zinalijua neno hilo mpaka zimelichoka. Zinaandikwa kwenye orodha, zinahesabiwa, zinapigwa picha na wageni wanaotikisa vichwa na kuondoka. Wanaohurumiwa ni wengi, wanaosikilizwa ni wachache. Katika Coup Fatal, Freddy Tsimba, mchongaji wa Kinshasa, alitengeneza mapazia kwa maganda ya risasi. Vita ilikuwa pale jukwaani, hakuna aliyeificha. Lakini mbele ya maganda yale walisimama Wacongo wenye nguo za rangi, wakiimba, wakicheza na kucheka, na watu walikuwa wamelipa ili kuwasikia. Walikuwa kazini.

Tofauti hiyo ni kubwa. Mtu anayehurumiwa anapokea anachopewa. Mtu anayefanya kazi anaweza kujadili bei.

Kuna wanaosema Kakudji ni mmoja tu kati ya mamilioni, na kwamba ilimbidi apande ndege ili ajulikane. Ni kweli, na ni aibu ya nchi. Lakini si kweli kwamba Congo haikuwa na msingi. Mwaka 1958, watoto na walimu wa shule ya Kamina, wakiongozwa na padri Guido Haazen, walirekodi Missa Luba, misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za Congo, wakasafiri nayo Ulaya. Aliyeimba peke yake kama tenori alikuwa Joachim Ngoi. Mwaka 1994, Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi, alianzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste huko Kinshasa. Vyombo vilikuwa vichache, na nyuzi zilipokatika walitumia hata waya za breki za baiskeli. Pamoja na hayo, walifika hatua ya kupiga simfoni ya tisa ya Beethoven, pamoja na korali kubwa inayoimba Kijerumani. Waimbaji wale walikuwa wafanyakazi na wachuuzi, watu waliofika mazoezini jioni baada ya kutafuta chakula.

Hivyo wanaosema « tumbo kwanza » wasikilizwe, maana wana haki. Hakuna anayesema familia iache unga ikatafute solfeji. Chakula, dawa na usalama vinatangulia. Lakini miaka ya ukimbizi ni mirefu, na mtoto aliyefika kambini akiwa na miaka 8 anaweza kutoka huko akiwa na 15. Miaka hiyo hairudi. Sauti ya mvulana inavunjika mara nyingi kati ya miaka 12 na 15. Ikiharibiwa wakati huo kwa kupiga kelele, ni vigumu kuitengeneza baadaye.

Mambo ya kufanya hayahitaji mamilioni ya dola. Viongozi wa korali waache kuwalazimisha wavulana waliovunja sauti kuimba kwa nguvu juu ya mikro mbovu. Wawape sehemu nyepesi kwa miezi kadhaa, wawafundishe kupumua kwa tumbo, wawape maji ya kunywa wakati wa mazoezi. Solfeji inafundishwa kwa ubao na chaki, na mtoto anayeijua atasoma wimbo wowote, wa Bach au wa kanisa la kijijini. Walimu waliokimbia na wanafunzi wao wamo kambini, na kati yao wamo wanaojua muziki. Waulizwe. Mashirika ya kiutu yanayoleta mipira ya mguu na kamba za kuruka, jambo zuri, yaweke pia kinanda kimoja kidogo katika hema la watoto. Redio za jamii ziache kungoja wageni wa Kinshasa: zipeleke mashine ya kurekodi kwenye korali za wahami, zitaje majina ya waimbaji hewani kama zinavyotaja ya wachezaji mpira.

Na wale wanaoalika korali kwenye sherehe za serikali na za mashirika walipe. Fanta na makofi si mshahara. Mwimbaji anayelipwa hata nauli na chakula cha siku anaanza kuamini kwamba anachofanya ni kazi, na wazazi wake pia wanaanza kuamini.

Si kila mtoto anayeimba vizuri atakuwa Kakudji. Wengi watakuwa walimu wa shule, mafundi, mama na baba wenye sauti nzuri Jumapili. Hilo halina ubaya wowote. Ubaya ni pale mtoto aliyekimbia na sauti tu, baada ya nyumba, mbuzi na shamba kubaki nyuma, anapoambiwa na watu wake mwenyewe kwamba hata hiyo sauti si kitu. Mzazi atakayesikia mtoto wake akiimba jioni hii asimnyamazishe. Kesho ampeleke kwa kiongozi wa korali, aulize siku za mazoezi, na afuatilie kama kweli mtoto anafundishwa.